KUOMBEA CHAKULA NA KUPONYA UDONGO



Liko swali linalorudi mara kwa mara katika vikundi vya sala, nalo halijapata jibu la kutosha. Mwaminifu anajua, au anashuku, kwamba mboga alizonunua sokoni zimeota mahali pabaya: nyuma ya garaji ya magari, kando ya mfereji unaopokea maji ya kiwanda, au juu ya jalala la zamani. Anaziosha, anazipika, anainamisha kichwa na kuziombea. Je, imetosha? Wako wanaosema imetosha, na ya kwamba kuuliza zaidi ni kukosa imani. Wako wengine wanaosema kwamba mama aliyeziuza ametenda dhambi, na afukuzwe sokoni. Sisi hatukubaliani na hao wala hao, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na uchafu wenyewe, kwa maana watu wengi hutia kila uchafu katika kapu moja. Kuna uchafu ulio hai: vijidudu vya kuhara, mayai ya minyoo, kipindupindu. Huo, moto huuua. Chungu kikitokota vizuri, hatari imepungua sana au imekwisha. Lakini kuna uchafu usio na uhai, na kisicho hai hakiuawi. Risasi (tunasema ile iliyo ndani ya batri ya gari, si ya bunduki), kadmiamu, aseniki, zebaki: hayo ni madini. Moto wa jikoni hauyavunji. Maji ya kuoshea huondoa vumbi lililoshikamana na jani, na kuosha ni jambo jema, tena la lazima. Bali kilichopanda kutoka mzizini na kukaa ndani ya jani hakitoki kwa kuosha. Chemsha sombe tangu asubuhi hadi jioni: maji yatapungua, madini yatabaki.

Tena hayaozi. Ganda la ndizi likitupwa shambani, baada ya muda limekuwa udongo. Risasi iliyoangukia shamba la babu inamngoja mjukuu. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa katika Afrika kusini ya Sahara karibu mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Hata hivyo ile iliyotoka katika moshi wa magari ya miaka hiyo ingali katika udongo wa kandokando ya barabara kubwa za miji mingi.

Na ugonjwa wake hauji kwa kishindo. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo haanguki siku ile. Anakuwa mzito wa kusoma, hatulii, damu yake inapungua. Mama mwenye mimba, risasi inapita kwake na kumfikia mtoto tumboni. Mzee wa jamaa anasema: "Mboga za bonde lile tunazila miaka kumi, nani amekufa?" Swali lake lina haki ya kujibiwa. Jibu ni kwamba sumu ya namna hii haihesabiwi kwa makaburi peke yake. Tuhesabu pia watoto waliorudia darasa la kwanza mara tatu wakaitwa wajinga, na mafigo ya watu wazima yaliyochoka kabla ya wakati.

Mtu aweza kusema: "Kisangani si mji wa viwanda. Viwanda vyetu vingi vilikufa kwa uporaji wa miaka ya 1990 na kwa vita vilivyofuata. Basi sisi tu salama." Ni kweli kwamba hatuna mabomba mengi ya moshi. Lakini kazi za kiwanda zimeshuka zikaingia katika lupango. Umeme wa SNEL unapokosekana, watu wananunua batri, kwa taa na kwa mitambo ya jua. Batri hufa. Iliyokufa inapasuliwa nyuma ya nyumba, maji yake makali yanamwagwa chini, risasi inayeyushwa juu ya makaa ili itengenezwe vizito vya nyavu, na moshi wake unatua juu ya lengalenga ya jirani. Garaji inamwaga mafuta machafu katika mtaro, na mtaro unakwenda bondeni ambako wamama wanalima. Hata sufuria inatuhusu: uchunguzi uliofanywa juu ya masufuria ya alumini yaliyotengenezwa kwa mikono huko Kamerun, na kutangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba yalitoa risasi ndani ya chakula, kwa sababu yameyeyushwa kutoka vyuma chakavu vya kila aina. Nani kati yetu hajapikia sufuria kama hiyo?

Na tusisahau wale vijana wanaomwaga dawa ya wadudu katika vijito ili samaki waelee juu. Hilo halikutoka kiwandani, limetoka mkononi mwa mtu. Sheria inalikataza, nasi tunalikataza.

Lakini ili tuone mwisho wa njia hii ni wapi, yatupasa kutazama mji ambao udongo wake umepimwa. Mji huo umo katika nchi yetu hii, nao unasema Kiswahili kama sisi. Ni Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza pale mwaka 1911, wakati wa Union Minière, na baada ya mwaka 1967 kikawa cha Gécamines. Kwa miaka mingi moshi ulitoka katika bomba lile refu ambalo watu hulionyesha kwa fahari, na upepo ukaupeleka upande mmoja, juu ya mahali panapoitwa Penga-Penga. Pale miti ilikufa. Zikabaki aina chache za majani zinazovumilia shaba, na ardhi iliyo uchi, inayochukuliwa na mvua. Udongo wake una shaba, zinki, risasi, kadmiamu na aseniki. Kilima cheusi cha mabaki ya kiwanda kilikuwa kama alama ya mji. Watu walikipiga picha, kikawa pambo.

Mwaka 2009 profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha, chini ya kilomita 3, walikuwa na kobalti na madini mengine mwilini kwa kiasi kikubwa sana kupita wale wa mbali. Hata watoto, ambao hawajawahi kushika sururu. Yaliingiaje? Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2014, ulifuata njia hiyo, na miongoni mwa milango waliyoikuta ni mboga zilizolimwa karibu na kiwanda, pamoja na vumbi ambalo watoto hulimeza wakicheza. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, juu ya watoto waliozaliwa na ulemavu: wale ambao baba zao walifanya kazi ya madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Angalieni, wapendwa. Baba alikwenda kazini kutafuta chakula cha nyumba, na kazi ile ikaifuata nyumba hadi tumboni mwa mama.

Nasi huku Tshopo tuna mlango wetu. Ni dhahabu. Katika mto Aruwimi, upande wa Banalia, zimeonekana dragi, zile mashine zinazoelea na kunyonya mchanga wa chini ya mto. Na popote dhahabu inapotafutwa kwa njia fupi, zebaki iko, ambayo wachimbaji huiita merkiri. Huikamata dhahabu, kisha huchomwa, mvuke wake huingia katika mapafu ya mchomaji, na nyingine hushuka majini. Chini ya mto vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Samaki mdogo huila kidogo. Samaki mkubwa hula wadogo wengi, naye hujaa. Ndiyo sababu mbenga, samaki wa heshima, anayewekwa mbele ya mgeni, aweza kuwa na sumu kupita ndakala wa maskini. Aruwimi unaingia katika mto mkubwa pale Basoko. Samaki hawasomi mipaka ya maeneo.

Wajapani walijifunza jambo hili kwa machozi. Katika mji wa Minamata, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na samaki wa ghuba, ambamo kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki. Paka walianza kuyumbayumba kabla ya watu. Kiwanda kiliendelea kumwaga hadi mwaka 1968.

Basi turudi kwenye swali la sala.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme tunasoma habari za Elisha huko Gilgali, wakati wa njaa. Mtu mmoja alitoka kwenda porini kuchuma mboga, akakuta mmea wa mwitu, akajaza nguo yake matango yake, akayakatia ndani ya chungu. Hakuyajua. Walipoanza kula, wakapaza sauti kwamba chungu kile kina kifo, wakaacha kula. Tazameni mambo matatu ambayo wahubiri wengi huyaruka. Kwanza, wale wana wa manabii hawakusema "tuombe, tule." Waliacha kula, na kusema kwa sauti. Pili, nabii hakuwakemea kwamba hawana imani kwa sababu wameogopa chakula. Aliomba unga, akakishughulikia chungu. Tatu, hakuna hata neno moja la kumlaumu yule mchumaji. Alikwenda kuwatafutia wenzake chakula wakati wa njaa, na alichokileta hakukijua.

Elisha huyohuyo, hapo awali, alipofika Yeriko, wazee wa mji walimwambia kwamba mji ni mzuri, lakini maji ni mabaya na nchi haizai. Alifanya nini? Angeweza kubariki kila mtungi nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ingempa sifa, na labda sadaka. Hakufanya hivyo. Alikwenda hadi kwenye chemchemi, mahali maji yanapotokea, na pale ndipo alipotia chumvi. Sisi tulio katika kanisa la kinabii, tunaopenda sana maji yaliyoombewa, yatupasa kuitafakari safari ile fupi ya kutoka mtungini hadi kwenye chemchemi. Nabii aliyeitwa kwa ajili ya maji mabaya alitembea hadi chanzo chake.

Wengine watatujibu kwa ile ahadi iliyo mwishoni mwa Injili ya Marko, juu ya waaminio na kitu cha kufisha. Ahadi hiyo tunaiamini. Lakini Paulo alipoumwa na nyoka kule Malta, alikuwa akikusanya kuni ili watu waliovunjikiwa meli waote moto; hakwenda kumtafuta nyoka. Na Bwana wetu, alipowekwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe kwa sababu malaika wapo, alikataa. Anayekula asichokijua na kumtumaini Mungu, huyo ni mwaminifu. Anayejua kwamba bonde lina risasi, naye ana njia nyingine, lakini anamlisha mtoto wake kila siku kutoka bonde lile na kusema "Mungu atalinda", huyo amempandisha mtoto juu ya kinara cha hekalu. Sala ya chakula ni shukrani. Tusiifanye kuwa sabuni.

Tumesema "naye ana njia nyingine". Maneno hayo ni mazito, kwa sababu wengi hawana. Mama mwenye watoto sita, ambaye kipande chake cha bonde ndicho kinacholipa shule na dawa, tukimwambia "acha kulima pale", tumempa nini badala yake? Yeye mwenyewe atatuuliza kama afadhali watoto wafe kwa njaa leo au waugue kwa risasi baadaye, na hilo si swali la mtu mbaya. Tena wengi wanaomshutumu hawajapima chochote. Wamesikia tu. Kumharibia mama biashara yake kwa uvumi, mbele ya soko zima, ni kushuhudia uongo, hata kama baadaye uvumi ungeonekana kuwa kweli. Kwa hiyo tunasema: hatia haimfuati kila mtu aliyeishika sumu kwa kipimo kilekile. Inawafuata zaidi wale waliojua, na wale waliokuwa na uwezo wa kuzuia. Mama akilima bila kujua, ni kama yule mchumaji wa Gilgali. Akijulishwa kwa kipimo cha kweli, akaonyeshwa pengine pa kulima, naye akaendelea kuuza mboga zile huku za nyumbani kwake akizinunua kwingine, hapo habari imegeuka.

Na juu ya mwenye kiwanda, mwenye dragi, mwenye kuyeyusha batri? Hapa sheria ya Musa ni ya ajabu kwa uwazi wake. Katika kitabu cha Kutoka imeandikwa habari ya mtu anayechimba shimo na kuliacha wazi, kisha mnyama wa jirani akatumbukia: mwenye shimo atalipa. Sheria haimuulizi kama alikusudia, wala haimuulizi ng'ombe kwa nini hakutazama. Shimo ni lako, lifunike. Na mbele kidogo ya hapo kuna habari ya ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga pembe: ikiwa mwenyewe alionywa naye hakumfunga, na mtu akafa, hatia yake ni kubwa kupita kiasi. Kwanza wajibu wa shimo, hata pasipo nia mbaya. Kisha uzito wa kujua.

Sheria za nchi yetu nazo zimefika karibu na hapo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 54 kinasema kwamba uchafuzi unaotokana na kazi za uchumi unaleta haki ya kulipwa au kurekebishiwa. Na sheria ya migodi, ilipogeuzwa mwaka 2018, iliweka wazi kwamba mwenye haki ya kuchimba anawajibika kwa madhara ya kazi yake hata kama hakuna kosa lililothibitishwa juu yake. Ni lile shimo la Musa, limevaa suti. Lakini sheria ni jambo moja na kulipwa ni jambo lingine. Mwezi wa 7 mwaka 2021 bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Catoca, huko Angola, lilivuja, maji ya mito Tshikapa na Kasai yakageuka rangi, samaki wakafa. Aliyekuwa waziri wetu wa mazingira wakati ule, Ève Bazaiba, alitangaza kwamba watu 12 wamekufa na maelfu wameugua. Shimo lilikuwa katika nchi moja, waliotumbukia walikuwa katika nchi nyingine.

Msikate tamaa kwa hayo. Kule Mombasa, Kenya, katika mtaa wa watu maskini uitwao Owino Uhuru, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha batri kuukuu karibu na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua. Alipopimwa, risasi ilionekana katika damu yake. Hakuishia kumwombea mtoto wake peke yake. Aliwakusanya majirani, wakaenda mahakamani. Mwezi wa 7 mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Katika rufani ya mwaka 2023 malipo hayo yaliondolewa, na mwezi wa 12 mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni miaka hiyo: watoto wa mwanzo wa kesi wamekuwa vijana. Hata hivyo mwenye shimo aliitwa kwa jina mbele ya mwamuzi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo huenda litawaudhi baadhi ya wazee. Mwenye dragi ni mtu wa dini, naye anataka kulipa bati za paa la kanisa katika kijiji kilicho kando ya mto uleule. Zipokelewe? Wako wanaosema fedha haina harufu, na ya kwamba fedha ya shetani ikiingia katika nyumba ya Mungu imetakaswa. Sisi tunamtazama Zakayo. Siku wokovu ulipoingia nyumbani mwake, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na wale aliowanyang'anya kuwarudishia mara nne. Hakusema atajenga sinagogi. Deni lilirudi kwa mwenye kudai. Kwa hiyo kwa maoni yetu mzee wa kanisa amwambie mtu huyo kwa heshima, kama baba amwambiavyo mwana: ndugu, bati zingoje, kwanza wapatie watu wa kijiji hiki kisima cha maji safi, acha merkiri, warudishie wavuvi nyavu zao zilizoharibiwa na mashine yako, kisha uje na sadaka yako. Kijana anayechimba kwa karai, aliyeacha shule kwa kukosa ada, hatumwambii maneno hayohayo kwa sauti ileile. Huyo tumfundishe kwanza namna ya kuilinda pumzi yake asichome merkiri ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Tunajua pia kwamba kanisa likipokea bati zile, ulimi wake unakuwa mfupi. Mhubiri atahubiri juu ya ulevi, juu ya uzinzi, juu ya uchawi, na kila Jumapili ataruka juu ya mto kama mtu anayeruka dimbwi ili asichafue viatu.

Yako mambo yaliyo mikononi mwetu hata kabla ya mahakama. Udongo wetu wa msitu ni wenye asidi, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu. Watafiti wa Yangambi, tangu siku za INEAC mwaka 1933 hadi INERA ya leo, wameuchunguza sana. Katika udongo wa namna hiyo kadmiamu na zinki, na kwa kiasi fulani risasi, hupanda kwa urahisi zaidi kwenda katika mmea. Chokaa, majivu ya kuni safi na mbolea ya majani yaliyooza hupunguza kupanda huko, ingawa hayaondoi madini yenyewe. Mimea nayo haifanani. Zile tunazokula majani yake, kama lengalenga, matembele na sombe, na zile tunazokula mizizi yake, hubeba zaidi. Zile tunazokula matunda yake, kama bamia, biringanya, nyanya na mahindi, kwa kawaida hubeba kidogo. Kwa hiyo mama aliye karibu na barabara kubwa au garaji, kama hawezi kuhama, anaweza kubadili mbegu, na majani ayapande kipande cha mbali. Batri zilizokufa zisipasuliwe katika lupango, na kamwe asipewe mtoto kipande chake achezee. Aliyeshinda akiyeyusha risasi abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Majivu ya takataka, ya mpira na ya mbao zenye rangi yasipelekwe shambani. Hayo ni sumu nyingine.

Na kwa mabonde yale yanayosemwa vibaya, kabla ya maneno zaidi, yapimwe. Kisangani ina Chuo Kikuu na ina wasomi wa kilimo. Parokia tatu au nne zikichanga, kuwauliza juu ya kipimo si jambo lisilowezekana. Udongo huchukuliwa mahali kumi au zaidi pa shamba moja, kwa kina cha kama sentimita 20, kwa chombo kisicho na kutu wala rangi. Huchanganywa katika beseni safi la plastiki, hukaushwa kivulini, na sehemu yake hutiwa katika mfuko mpya ulioandikwa tarehe na mahali. Ichukuliwe pia mboga ya shamba lilelile, imeoshwa kama inavyooshwa jikoni. Mama mwenye shamba aombwe ruhusa kwanza, awepo wakati wa kuchukua, na karatasi ya majibu itakaporudi aisomewe yeye kabla ya kusomwa mbele ya kanisa.